Maiti Hangojeshwi

Mkurugenzi wetu alikuwa mama mwenye goti moja bovu na mdomo mzima. Goti la kushoto lilimsumbua tangu nimjue. Alipanda nalo na kushuka nalo Kawangware na Kibera miaka yote hiyo, akilitukana kama mtu anayemtukana punda wake mwenyewe, na asubuhi aliyotutangazia kwamba anastaafu hakutaja umri wala uchovu. Alisema, "Goti limeshinda." Kisha akauliza kama kuna mtu aliyempelekea nyanya wa mtaa wa Forty-Six dawa zake, ama tumekaa tu hapo kumwangalia yeye.

Wenzangu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa nahesabu siku. Mwisho wa mwezi angeondoka kwenda kukaa na binti yake Cape Town, na mimi nilikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa miaka tisa. Lilikuwa kosa langu, na yeye ndiye aliyelibeba mbele za watu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika kumhusu msiyachukue kuwa sifa za kumuaga. Mwenye hatia humkumbuka aliyemkosea kwa undani kuliko anavyowakumbuka rafiki zake.

Shirika letu lilianzishwa na Wayahudi wa Nairobi, na yeye ni mmoja wao. Ni watu wachache, wana sinagogi lao na bustani yake, na kazi waliyoichagua ilikuwa ya wazee: wale wanaoishi peke yao katika chumba kimoja cha mabati, ambao watoto wao wamekufa, au wamepotea, au wamechoka. Tuliwatembelea. Tuliwapeleka kliniki, tukawapikia walioshindwa kupika, na waliokufa bila mtu tukawazika. Ofisi ilikuwa Kawangware, na tulikuwa na chumba kingine kidogo Kianda huko Kibera, upande wa Olympic. Katika wazee wote hao sikupata kumwona Myahudi hata mmoja. Siku moja nilimuuliza Mkurugenzi, sasa nyinyi mnapata nini. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Jirani ni nani, Mama Brian? Ni yule aliye karibu. Na aliye karibu hapa ni nani, si nyinyi?"

Watoto walimwita mzungu. Alikuwa anasimama, hata kama mvua inanyesha, anawarekebisha. "Mimi ni Mkenya. Mkenya mwenye kelele." Kiswahili chake kilikuwa hiki chetu cha Nairobi, cha sokoni, ngeli zimelegea, lakini hakuna mwenye ploti aliyewahi kusema hakukielewa.

Na hapo niseme habari za mwenye ploti mmoja wa Forty-Six. Alitaka kujenga ghorofa, na katika ile ploti kulikuwa na mjane aliyekataa kuhama kwa sababu hakuwa na pa kuhamia. Asubuhi moja akatuma vijana wang'oe mabati ya paa. Mkurugenzi alipofika alimkuta mama wa watu ameketi kitandani, juu yake ni mawingu matupu. Alienda kwa jirani akaazima kiti, akakiweka katikati ya chumba, akafungua mwavuli, akakaa. Mwenye ploti akaja.

"Madam, hii ploti ni yangu."

"Najua. Na hiki kiti nimeazima, kwa hivyo siwezi kukiacha."

Manyunyu yalianza. Alikaa pale mpaka saa tisa, goti limenyooshwa mbele, anamsimulia mjane habari za mpishi wa mama yake aliyekuwa anaiba sukari. Watu walijaa mlangoni. Saa tisa mabati yakarudi. Sasa hapa ndipo utakapomjua: mwaka uliofuata mama wa yule mwenye ploti alipooza, na Mkurugenzi akawa anaenda kumwona kila Jumatano. Tulinung'unika. Tulimwambia huyo ana pesa, aajiri nesi. Akasema, "Nesi ataajiriwa. Mtu wa kuongea naye ataajiriwa wapi?"

Alikuwa na namna yake ya kuingia nyumbani kwa mtu. Anabisha, anasimama nje, anangoja mpaka aambiwe karibu mara mbili. Mara ya kwanza, alisema, watu wanasema kwa adabu tu. Akishaingia anaketi anapoonyeshwa, hata kama ni juu ya ndoo, na macho yake hayazunguki chumbani. "Macho uyaache mlangoni na viatu." Mimi wiki ya kwanza niliingia kwa mzee mmoja nikaangalia sufuria kama kuna chakula. Tulipotoka alinisimamisha kando ya mtaro akanikaripia mpaka wauza mitumba wakanyamaza kusikiliza. Alisema nimemvua yule mzee nguo.

Picha hakuzitaka kabisa. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo, aliyekuja kuona kazi yetu, alitoa simu apige picha ya nyanya akinywa uji. Mkurugenzi alinyoosha mkono, akaichukua ile simu kwa upole sana, akaitia kwenye mkoba wake, akaendelea kuongea. Alimrudishia pale stejini, akipanda matatu. Kwao, alitueleza, msaada mzuri ni ule ambao mpewa hamjui mpaji na mpaji hamjui mpewa. Nasi tuliokuwa katikati tulitakiwa kusahau.

Lakini tulikuwa na fomu, maana serikali ilizitaka. Jina, kijiji, ugonjwa, ndugu wa karibu. Kuhusu fomu alikuwa na sheria ambayo hakuiandika popote. Aliisema tu, akiipiga meza kwa kidole: "Akikwambia usiandike, usiandike. Lakini uje uniambie." Sheria ilikuwa na vipande viwili. Mimi nilishika kimoja.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa na kisirani. Angeweza kumnunia mfanyakazi siku tatu kwa sababu ya kikombe. Alitaka siri za watu zikae kama zimezikwa, halafu yeye mwenyewe alimweleza kila mama mboga habari za goti lake, matumbo yake, na mkwe wake asiyejua kupika. Aligombana kuhusu bei ya nyanya mpaka ukaona haya kusimama naye. Na chakula chetu hakula. Alibeba mayai yake ya kuchemsha na kikombe chake mwenyewe, na mwanzoni watu waliumia, wakauliza kwani sisi ni wachafu. Alieleza ni dini, samaki asiye na magamba hawali, na sufuria iliyopika nyama waliyokatazwa haitumiki, wakakubali kwa mdomo. Basi mjane mmoja wa Kianda, aliyekuwa amemwandalia, alimwekea sahani mbele akakaa kumtazama. Mkurugenzi akainama juu ya ile sahani.

"Huyu samaki alikuwa na magamba?"

"Ni ngege, mama. Magamba nimeparua mimi mwenyewe asubuhi."

"Na sufuria?"

Mjane akacheka. Alitoka akarudi na karatasi safi ya kufungia nyama, akamfungulia samaki mwingine aliyekuwa amechomwa juu ya makaa, hajagusa chombo. Mkurugenzi alimla kwa vidole mpaka miiba ikawa myeupe. Tangu siku hiyo, Kianda yote ilijua kuna mama anayeuliza magamba. Ukitembea naye, wauza samaki walimwita kwa mbali, "Madam, huyu anayo."

Wote walimwita, isipokuwa mmoja. Nitafika kwake.

Ijumaa ilikuwa siku ya kumwogopa. Ofisi ilifungwa saa nane mchana, awepo nani asiwepo nani, na kuanzia jua kutua mpaka Jumamosi jioni simu yake ilikuwa imezimwa. Sabato yao. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi aliendesha kila kitu mbio: dawa zote, chakula chote, barua zote. Wazee walikuwa na utani wao. Walisema, ukitaka kufa, usife Ijumaa, Mkurugenzi hayuko hewani. Alipousikia alicheka kwa sauti, kisha akatuambia kwa uso mkavu kwamba wanachosema ni kweli, na ndiyo maana atakayekufa Alhamisi hatalala mpaka Jumapili bila kuzikwa. Kwao maiti hangojeshwi. Kumzika mtu upesi, katika jeneza la mbao tupu, na kutomwacha peke yake hata dakika moja mpaka azikwe, hiyo ndiyo heshima. Mara nyingi alikaa na maiti yeye mwenyewe, kwenye stuli, akisoma kitabu chake kidogo kwa kunong'ona.

Mzee Ogola alikufa Alhamisi alfajiri, katika chumba chake huko Kongo, kile kijiji cha Kawangware.

Alikuwa mzee wangu. Nilimtembelea miezi mitatu. Nilikuwa mgeni kazini, bado niko kwenye majaribio, na mwanangu Brian alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mzee Ogola alikuwa mtu wa Siaya, mrefu, nadhifu, kola ya shati imepigwa pasi hata kama mwenyewe hawezi kusimama. Siku ya kujaza fomu nilipofika kwenye ndugu, alisema, "Andika hakuna." Nikaandika hakuna. Kisha akasema, "Nina binti Kianda. Atieno. Anauza samaki karibu na njia ya shule. Usimwandike." Nikamuuliza kwa nini. Akasema alimwambia binti yake amepata kazi ya ulinzi Ruiru kwa tajiri mmoja, ana chumba, ana chakula, asihangaike kumtafuta kwani ana watoto wake wa kulisha. Sasa akijua baba yake analetewa uji na wageni, si atakufa na aibu. Mzee alisema hivi akitabasamu. "Mwache afikirie nina bunduki."

Nilipaswa kwenda kumwambia Mkurugenzi. Sikwenda. Mwanzo nilisahau, na baadaye niliona ni siri tamu kati yangu na mzee, nikajiona na mimi najua kutunza.

Ijumaa ile asubuhi, Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, simu moja sikioni, karatasi za chifu na za polisi mkononi, fundi wa jeneza anamngoja nje. Akafunika simu kwa kiganja.

"Mama Brian, fomu yako inasema Mzee Ogola hana mtu. Ni kweli hana?"

Mimi ni mtu wa Kakamega. Sihitaji kufundishwa maana ya mtu kupelekwa nyumbani. Kwetu pia, mtu mzima akizikwa mjini ni kama mmemtupa. Nilijua. Lakini nilijua pia kwamba nikisema ana binti, swali litakalofuata ni kwa nini sikuja kusema, na baada ya hilo ni majaribio yangu na karo ya Brian. Alikuwa ananitazama. Fundi wa jeneza alikuwa anatazama saa.

"Hana, Madam."

Saa saba tulikuwa tumeshamaliza kumzika kwenye makaburi ya Lang'ata. Tulikuwa watu watano.

Jumanne walikuja. Jirani mmoja wa Kongo alikuwa amenunua samaki Kianda akasema kwa bahati tu, mwenye samaki akisikia, kumbe yule Mzee Ogola wetu mwenye kola amefariki. Atieno, ambaye Kianda wanamwita Mama Akinyi, alikuja na ndugu zake wawili waliosafiri usiku kucha kutoka Siaya. Walikuwa wamekodi pikapu. Nyuma ya ile pikapu kulikuwa na jeneza zuri lenye kioo, tupu, limefunikwa na blanketi jipya. Waliingia ofisini kwa upole, wakaketi, na yule mkubwa akasema, "Tumekuja kumchukua mzee wetu, tumrudishe nyumbani."

Mkurugenzi aliwaambia ameshazikwa Lang'ata, tangu Ijumaa. Mama Akinyi hakupiga kelele. Aliomba kuona karatasi. Fomu ikaletwa, akaisoma kwa kidole mpaka akafika pale: Ndugu, hakuna. Alirudia kwa sauti ndogo, hakuna. Ndugu yake mkubwa ndiye aliyesimama.

"Nani aliandika hii?"

Chini kulikuwa na sahihi yangu. Mkurugenzi aliweka kiganja chake juu yake, chote, akalifunika lile jina. "Ofisi yangu iliandika. Ofisi ni mimi. Na mimi ndiye niliyeharakisha, nikamzika Ijumaa kwa sababu ya Sabato yangu. Ningengoja siku nne, mngemkuta." Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Nikageukia faili, nikazipanga. Basi.

Hawakumfukua. Wazee wao walisema aliyelala haamshwi, mtu hazikwi mara mbili. Walichukua udongo wa kaburi katika kitambaa, wakaupeleka Siaya na lile jeneza la kioo.

Wayahudi wana siku moja kwa mwaka ya kufunga na kutubu. Mkurugenzi alinieleza mambo yake tukiwa tunatembea, na kila neno lilinichoma. Mungu, alisema, anasamehe yale uliyomkosea yeye. Uliyomkosea binadamu, Mungu haingilii, uende kwa mwenyewe. Akikataa, urudi. Ukiomba mara tatu kwa moyo mweupe na akakataa mara tatu, umemaliza, mzigo unabaki kwake.

Mwaka ule alikwenda Kianda kabla ya mfungo wao. Mama Akinyi aligeuza samaki wake wote kwenye karai, mmoja mmoja, akimsikiliza. Kisha akasema, "Umemaliza? Songa kidogo, kuna customer nyuma yako." Mwaka wa pili alikwenda tena, na safari hiyo nilimsindikiza, maana goti lilikuwa limevimba. Mama Akinyi alimjibu akiwa hajamwangalia.

"Mimi sina shida na haraka yako. Haraka ni ya dini yako, nimeshaelewa. Mimi naumwa na ile karatasi. Baba aliulizwa una nani, akasema sina. Alinikana. Sasa utaniomba msamaha wa hiyo, kwani ni wewe ulinikana?"

Kwa hiyo tangu mwaka wa pili nilijua dawa yake ilikuwa kinywani mwangu. Si kaburi lililokuwa linamuuma huyu mama. Alikuwa anaamini baba yake alikufa akisema hana mtoto, na mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu akisema anaye. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala. Mtu hujizoeza vitu vingi.

Mwaka wa tatu Mkurugenzi hakwenda. Nilimuuliza kwa nini, nikijifanya sina neno. Akasema, "Nikienda mara ya tatu akakataa, nitakuwa huru. Sitaki kuwa huru hivyo. Mtu wao bado yuko Lang'ata." Na ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Tukipita Kianda alichukua njia ndefu ya nyuma, na hakuwahi kula tena samaki katika mtaa ule, hata wenye magamba.

Zile wiki tatu za mwisho nilijaribu kumwambia. Wallahi nilijaribu. Nilimfuata ofisini mara mbili, nikamkuta anapanga vitabu kwenye katoni, na mara zote mbili akanipa kitu: mara ya kwanza shuka, mara ya pili ile stuli aliyokuwa akikalia kwenye maiti. "Hii ni yako. Wewe ndiye mwenye subira." Ungemwambia mtu kama huyo nini? Na yule anayechukua nafasi yake, mkurugenzi mpya, kijana mzuri tu, alikuwa ameshaniita. "Sasa, Mama Brian. Hizi fomu za zamani zote tuziingize kwa kompyuta, na uzipitie zile zako." Nilizipitia. Nilipoifikia ile, mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa mtu anayetaka kuajiriwa.

Alhamisi kabla ya safari, Mkurugenzi alivaa viatu vya kutembea akanigusa bega. "Twende Kianda. Ile ya tatu. Siwezi kumwachia huyu kijana."

Tulipanda boda mpaka Olympic, tukateremka kwa miguu. Ilikuwa saa kumi, watoto wanatoka shule, Mama Akinyi amepanga samaki juu ya meza yake. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza kuwa nyeupe kando. Alipomwona Mkurugenzi anavyoshuka ule mteremko, ameshika ukuta, alivuta kreti akaipangusa.

"Kaa, Madam. Umekuja na mguu huo mpaka huku?"

Mkurugenzi alikaa. "Nastaafu, Mama Akinyi. Jumapili nasafiri, sirudi. Nimekuja mara ya tatu. Nilimzika baba yako bila nyinyi. Nakuomba unisamehe."

Mama Akinyi aligeuza samaki mmoja. Mafuta yalikuwa yanachemka. Nilimwona anavuta pumzi ya kujibu, na nikajua jibu, ningelijua hata usingizini, na nikajua kwamba akishalitoa Mkurugenzi atasimama, atasema asante, na atakwenda zake akiwa huru kwa ajili ya kitu ambacho hakukifanya.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Ile fomu niliandika mimi. Mzee aliniambia ana binti Kianda, anaitwa Atieno, anauza samaki. Aliniambia nisikuandike. Alikuwa amekudanganya yuko Ruiru, hakutaka ujue analetewa uji. Ijumaa Madam aliniuliza kama ana mtu, nikasema hana. Niliogopa kazi yangu. Yeye hakujua. Hajui mpaka saa hii."

Mama Akinyi alichukua kitambaa, akalishika karai kwa mikono miwili, akaliteremsha chini. Alifanya pole pole sana.

"Rudia vile alisema."

"Alisema, nina binti Kianda. Atieno."

"Alitaja jina langu?"

"Alilitaja. Alisema una watoto wako wa kulisha, usihangaike. Alisema, mwache afikirie nina bunduki."

Akaketi chini, palepale kwenye gunia la makaa. Alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. "Alikuwa anapenda uongo huyo mzee. Aki alikuwa anapenda uongo." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mteja mmoja alifika, akatutazama, akaondoka. "Miaka tisa nimekaa nikijiuliza nilimkosea nini. Kila krismasi nikienda nyumbani, nauliza mama, nilimkosea nini."

Nikapiga magoti pale kwenye magamba na maji. Nilimwomba msamaha. Yeye akamtazama Mkurugenzi.

"Madam, wewe enda. Sina neno na wewe, sikuwa nalo. Safiri salama." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe toka hapa mbele yangu. Kuna mengine alisema?"

"Yako mengi."

"Jumapili baada ya kanisa utakuja uniambie yote. Sijasema nimekusamehe. Nimesema utakuja."

Tulipanda mteremko. Mkurugenzi hakunishika mkono, alishika kuta. Tulipofika barabarani alisimama akihema, uso umekuwa mwekundu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Nilikuuliza wazi, ukanijibu. Nikaenda nikamwambia yule mama mimi ndiye. Mara mbili. Na wewe uliona. Ulisimama pale ukasikia ananiambia baba amenikana, na ulikuwa na jibu mdomoni."

"Pole, Madam."

"Pole." Alilitema. "Pole humwambia mtu aliyejikwaa. Mimi nimejikwaa?"

Mwenye boda alikuwa amekaribia, akaona nyuso zetu, akazima pikipiki akangoja. Nilikuwa nimemwomba msamaha Mama Akinyi kwa magoti, na huyu niliyetembea naye miaka tisa sikuwa nimemwambia lolote ila pole. Nikamwambia, "Nimekukosea. Nakuomba unisamehe."

Alichukua helmeti kwa mwenye boda, akahangaika na kamba yake chini ya kidevu mpaka ikafunga. Nilitaka kumsaidia, nikaogopa.

"Leo siwezi," akasema. "Uniombe tena."

Akaondoka. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili alfajiri angekuwa uwanja wa ndege, na Ijumaa jua likizama simu ingezimwa. Sikulala. Ijumaa asubuhi, kabla hajanywa chai, nilikuwa nimesimama mlangoni kwake. Nikamwomba tena.